Mkanda wa Jeshi: Ugonjwa Uliolala Ukaamka

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya ugonjwa ambao watu wengi wa Kasulu na Kibondo waujua kwa jina, lakini ni wachache waijuao asili yake. Jina lake ni mkanda wa jeshi. Wengine hawautaji ila kwa sauti ya chini, kama watu wasemao habari ya deni. Na kwa kuwa hautajwi, mgonjwa hujificha; akijificha, siku zifaazo kwa dawa humpita; na zikimpita, maumivu ambayo yangalikwisha kwa majuma machache huweza kukaa naye miezi, hata miaka. Ndiyo sababu tumeona yafaa kuandika.

Twawaandikia baba na mama wa nyumba za Kikristo, na hasa waalimu. Maana mwalimu ndiye aulizwaye kwanza kijijini: huyu mtoto aje shule au asije? Huyu mzee tumpeleke zahanati, au tumwite mtu wa dawa za miti? Mwalimu asiyejua atajibu kwa kukisia, na watu watamfuata.

JINSI UNAVYOONEKANA

Mara nyingi ugonjwa huanza kwa maumivu, kabla ngozi haijaonyesha alama yo yote. Mtu huona mahali pamoja pa mwili pakimchoma kama moto, au pakimwasha, au pakimdunga kama sindano: labda ubavuni, labda mgongoni, labda kwenye paji la uso. Hudhani ni mzigo wa kuni alioubeba jana, au ni jembe, au ni baridi ya alfajiri, maana huku milimani kwetu baridi si haba. Hujipaka mafuta, akaendelea na kazi yake.

Baada ya siku 1 hata 5 ngozi ya mahali pale pale hubadilika na kuvimba kidogo, na juu yake hutoka malengelenge madogo yaliyoshikamana kama punje za mtama. Malengelenge hujaa maji; baada ya siku 7 hata 10 hukauka yakawa vigaga; na kwa kawaida ngozi hupona kwa majuma 2 hata 4, ingawa kovu laweza kubaki.

Alama yake kubwa ni hii: hutoka upande mmoja tu wa mwili. Ukianza karibu na uti wa mgongo, huzunguka ubavu ukafika kifuani au tumboni, kisha husimama katikati kana kwamba umekuta mpaka. Umbo hilo la mshipi ndilo lililoupa jina, kwa kuwa watu waliufananisha na mkanda avaao askari.

ASILI YAKE NI TETEKUWANGA

Mkanda wa jeshi hauletwi na hewa mbaya, wala na chakula, wala na jicho la jirani. Asili yake ni tetekuwanga, ugonjwa ule ule wa utotoni ambao kila mama aujua: homa kidogo, kisha vipele viwashavyo mwili mzima, vikawa malengelenge, vikakauka. Magonjwa haya mawili yana kirusi kimoja tu. Kirusi ni kijidudu kidogo mno, kisichoonekana hata kwa darubini ya kawaida ya hospitali.

Mtoto apatapo tetekuwanga, mwili wake hupigana na kirusi hicho hata ukakishinda, naye akapona. Lakini hakitoki chote. Kingine hupanda kwa njia ya mishipa ya fahamu, yaani ile mishipa ipelekayo habari za maumivu, za joto na za kuguswa hata ubongoni, kikajificha katika mizizi ya mishipa hiyo kando ya uti wa mgongo na kichwani. Huko hulala. Mtu huyo akakua, akaoa, akazaa, akaona wajukuu, na kirusi kingali kimelala ndani yake pasipo kumdhuru. Wengi hufa wazee sana pasipo kuamkiwa nacho hata mara moja.

Ni nini basi kikiamshacho? Mwili una askari wake wa ndani, nao ndio wakilindao kisiamke. Askari hao wakipungua nguvu, kirusi huamka katika mzizi mmoja wa fahamu, kikashuka kwa mshipa ule ule mmoja hata ngozini. Kwa hiyo maumivu hutangulia, maana mshipa wenyewe ndio uumwao kwanza. Na malengelenge hufuata, nayo hutoka tu pale mshipa ule ufikapo.

Hapo twaona kwa nini mkanda hauvuki katikati ya mwili. Mishipa ya fahamu hutoka katika uti wa mgongo jozi kwa jozi, mmoja kwenda kulia na mmoja kwenda kushoto, kama vijito viwili vishukavyo kutoka mgongo wa mlima mmoja, kimoja upande wa mashariki na kimoja upande wa magharibi. Maji ya huku hayapandi mlima yakaenda kule. Wako wasemao ya kwamba ncha mbili za mkanda zikikutana, mgonjwa hufa. Neno hilo si kweli, nalo limewatia hofu watu wengi bure. Ni kweli ya kwamba mtu aliyedhoofika sana huweza kutokwa na malengelenge mahali pengi pa mwili pamoja, naye apaswa kupelekwa hospitali upesi. Lakini hatari yake ni ule udhaifu wa mwili wake, wala si kukutana kwa ncha.

JINSI WATU WALIVYOPATA KUJUA

Kwa muda mrefu sana hakuna aliyejua ya kuwa magonjwa haya mawili ni ya ukoo mmoja. Hata tetekuwanga yenyewe haikutengwa vema na ndui mpaka daktari Mwingereza, William Heberden, alipoieleza tofauti yao mwaka 1767. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa watoto wa mji wa Budapest, János Bókay, aliangalia jambo la ajabu: katika nyumba zenye mtu mzima aliyeshikwa na mkanda wa jeshi, watoto walishikwa na tetekuwanga baadaye. Mwaka 1925 daktari Kundratitz alionyesha ya kwamba maji ya malengelenge ya mkanda wa jeshi yakiingizwa katika ngozi ya mtoto asiyepata kuugua tetekuwanga, huleta tetekuwanga. Na katika miaka ya 1950 Thomas Weller wa Marekani na wenzake walikikuza kirusi chenyewe katika maabara, wakaona ya kuwa ni kimoja.

Lakini mtu aliyefumbua fumbo la kulala na kuamka hakuwa bingwa wa chuo kikubwa. Alikuwa daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester katika Uingereza, jina lake Edgar Hope-Simpson. Aliandika habari za wagonjwa wake kwa uangalifu miaka 16, akahesabu watu 192 walioshikwa na mkanda wa jeshi, akaona ya kwamba hawakuambukizana wao kwa wao, na ya kwamba wazee walishikwa kuliko vijana. Mwaka 1965 akatangaza neno lake: kirusi cha tetekuwanga hulala mwilini, na mkanda wa jeshi ni kuamka kwake. Waliokuja nyuma yake na vyombo vikubwa waliona ya kuwa alisema kweli. Twataja habari hii kwa ajili ya waganga na wauguzi wa zahanati zetu: daftari liandikwalo vema kila siku si kazi duni.

WATU GANI HUSHIKWA

Mtu asiyepata kuugua tetekuwanga hawezi kupata mkanda wa jeshi, isipokuwa kwa nadra aliyechanjwa, maana kile cha chanjo nacho huweza kulala. Katika waliougua, wazee ndio wa kwanza. Tangu miaka 50 hatari huongezeka, kwa sababu askari wa mwili huzeeka pamoja na mwenyewe. Huko Marekani, mahali hesabu zinapotunzwa, yakadiriwa ya kuwa katika kila watu 3 mmoja atashikwa na mkanda wa jeshi kabla hajafa. Basi babu wa miaka 70 akishikwa, hapana siri ya kutafuta: ni uzee wake.

Wa pili ni wale waliodhoofishwa kinga ya mwili, kama wenye saratani, au watumiao dawa zipunguzazo kinga, au wenye VVU. Na hapa ndipo penye aibu tuliyoitaja mwanzo; kwa hiyo tuseme wazi.

HABARI YA VVU, TUISEME PASIPO KUFICHA

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika Tanzania walijulikana mwaka 1983 katika mkoa wa Kagera, ambao ni jirani yetu wa kaskazini. Katika miaka ile ya 1980 madaktari wa Afrika ya Mashariki na ya Kati waliona ya kuwa vijana wengi waliofika kwao na mkanda wa jeshi walikuwa na VVU pia. Tangu hapo ugonjwa huu umehesabiwa katika dalili za mapema za VVU. Watu walisikia, wakakumbuka nusu ya neno. Wakafanya sheria ya kwao wenyewe, ya kwamba kila mwenye mkanda wa jeshi ana Ukimwi. Na katika siku zile hapakuwa na dawa, hata kuambiwa jambo hilo kulikuwa kama kuhukumiwa kufa.

Sheria hiyo si kweli, kwa mambo mawili. Kwanza, wengi washikwao na mkanda wa jeshi hawana VVU hata kidogo. Wazee tumekwisha kuwataja. Na kijana mwenye afya pia huweza kushikwa. Pili, siku za leo si zile za zamani. Tangu mwaka 2004 dawa za VVU zimetolewa bure katika Tanzania, na tangu mwaka 2016 utaratibu ni kwamba mtu akionekana na VVU huanzishiwa dawa pasipo kungoja adhoofike. Atumiaye dawa hizo kila siku huishi, hulima, hulea watoto wake, na mama huweza kuzaa mtoto asiye na virusi.

Basi shauri letu ni hili. Mtu mzima ambaye si mzee akishikwa na mkanda wa jeshi, na apime damu. Asipime kwa sababu amekwisha hukumiwa na majirani. Apime kwa sababu ni faida yake kujua. Akionekana hana, moyo wake utatulia. Akionekana anavyo, mkanda huo umekuwa kwake kama kengele iliyolia mapema, wakati nyumba bado haijateketea. Na aliyeanza dawa za VVU karibuni, kisha akatokwa na mkanda wa jeshi katika miezi ya kwanza, asidhani dawa zimemdhuru wala asiziache. Mara nyingine kinga iamkapo upya hukutana na kirusi kilichokuwa kikijificha, na vita hiyo huonekana ngozini. Amwone mganga, aendelee na dawa.

Nasi Wakristo tujiangalie. Rafiki zake Ayubu walikaa naye siku saba kwa huruma, na hilo lilikuwa jema. Walipofungua vinywa vyao na kutafuta dhambi yake, ndipo walipomwongezea mateso, na mwishoni wao ndio waliokemewa. Mtu akikosekana kanisani majuma mawili kwa sababu ya malengelenge, wajibu wetu ni kumchukulia maji na kuni, si kumhesabia mwenendo wake. Kijiji kinapozoea kunong'ona, wagonjwa huzoea kujificha. Nao wajifichao ndio wapofukao jicho katika nyumba iliyofungwa.

HATARI ZAKE

Hatari ya kwanza ni jicho. Mkanda ukitokea kwenye paji la uso, au kwenye kope, na zaidi ukionekana kwenye ncha ya pua, ni dalili ya kwamba mshipa ushikao jicho umeingiwa. Kioo cha jicho huweza kupata kidonda na kovu, na mtu akapoteza kuona. Huyo asingoje kesho. Apelekwe siku ile ile kwenye hospitali yenye daktari, na aseme kwa kinywa chake: naogopa jicho langu.

Hatari ya pili ni sikio. Malengelenge yakitokea sikioni pamoja na kupooza kwa upande mmoja wa uso, au kizunguzungu, au kutosikia, hilo nalo ni la hospitali upesi.

Hatari ya tatu ni maumivu yabakiayo. Ngozi imepona, vigaga vimeanguka, lakini mshipa ulioumizwa huendelea kuuma. Hata nguo ikigusa mahali pale mgonjwa hupiga kelele, usiku halali. Maumivu yakizidi miezi 3 yahesabiwa kuwa ugonjwa wa peke yake. Kwa hesabu za Marekani huwapata watu 10 hata 18 katika kila 100 wenye mkanda wa jeshi, na zaidi wazee. Mzee wa namna hii akilia maumivu, watu wa nyumbani wasiseme anajifanya, kwa kuwa hawaoni kidonda. Ziko dawa za kutuliza maumivu ya mishipa, nazo si zile za kichwa za dukani, amwombe daktari.

TUFANYEJE?

Neno la kwanza ni mbio. Iko dawa ya kupigana na kirusi hiki, iitwayo asaiklovia. Haikiui chote kilicholala, bali hukizuia kisizidi kuzaana. Hufaa zaidi ikianzwa kabla ya saa 72 kupita tangu malengelenge ya kwanza, yaani siku 3. Kwa mtu wa mjini siku 3 ni nyingi. Kwa mtu wa kijiji cha mbali cha Kibondo, ambaye lazima auze debe la maharage ndipo apate nauli, na mvua ya masika imekata njia, siku 3 ni kufumba na kufumbua. Kwa hiyo asitoe siku ya kwanza kwa kungoja, na ya pili kwa kwenda kwa mpiga ramli, na ya tatu kwa kufanya shauri la ukoo. Aende zahanati siku ya kwanza. Ikiwa dawa haipo pale, mganga atamwandikia aende kituo cha afya au hospitali, kama ile ya wilaya, au ya misheni ya Kabanga karibu na Kasulu. Hata siku 3 zikipita, aende vilevile, hasa kama malengelenge mapya yangali yakitoka, au ni mzee, au kinga yake ni dhaifu, au jicho limeguswa. Kipimo cha dawa ni kazi ya mganga; mtu asinunue vidonge akameza kwa kukisia.

Neno la pili ni usafi. Malengelenge yasipasuliwe. Yaoshwe taratibu kwa maji safi na sabuni, yakaushwe, yafunikwe kwa kitambaa safi kisichobana. Wako wapakao majivu, au udongo, au unga wa majani yaliyotwangwa. Vitu hivi haviui kirusi kilichomo katika mshipa. Huingiza uchafu katika kidonda, na usaha ukaanza mahali palipokuwa na maji tu. Kwa maumivu, parasetamoli yafaa kuanza nayo.

Neno la tatu ni kumtunza mwenyewe: ale vema, anywe maji, alale, apumzishwe jembe.

JE, MKANDA WA JESHI HUAMBUKIZA?

Swali hili waalimu huulizwa sana, nalo lataka jibu lenye sehemu mbili. Mkanda wa jeshi hauambukizi mkanda wa jeshi. Huwezi kuupata kwa kukaa na mgonjwa, wala kwa kula naye, wala kwa kumpa mkono; maana wako, ukija, utatoka ndani yako mwenyewe.

Lakini maji ya malengelenge yake yana kirusi hai. Yakimgusa mtu ambaye hajapata kuugua tetekuwanga wala kuchanjwa, mtu huyo huweza kushikwa na tetekuwanga. Kwa hiyo mgonjwa afunike malengelenge, anawe mikono, asishiriki taulo. Na mpaka vigaga vikauke, asimbebe mtoto mchanga, wala asimhudumie mama mwenye mimba ambaye hajui kama aliugua tetekuwanga. Vigaga vyote vikikauka, hatari hiyo imekwisha. Mwalimu mwenye mkanda wa jeshi mgongoni, aliyeufunika kwa kitambaa na shati, naye ana nguvu, aweza kufundisha.

TETEKUWANGA SHULENI NA NYUMBANI

Tetekuwanga yenyewe huambukiza kwa nguvu kuliko mkanda, maana hupita hata kwa pumzi. Mtoto mmoja akiileta nyumbani, katika ndugu 10 wasiopata kuugua huweza kuwashika 9. Dalili huonekana siku 10 hata 21 baada ya kuambukizwa, naye huanza kuambukiza wengine siku 1 au 2 kabla ya vipele kutoka. Mwaka 2015, wakimbizi walipomiminika kutoka Burundi hata kambi ya Nyarugusu huko Kasulu, na kambi ya Nduta huko Kibondo ikafunguliwa tena, ilionekana jinsi watu wanavyoweza kusongamana katika hema moja. Msongamano wa namna hiyo, na wa mabweni ya shule, ndio ugonjwa huu uupendao.

Mtoto mwenye tetekuwanga akae nyumbani mpaka vipele vyote viwe vigaga, ambayo kwa kawaida ni siku 5 hata 7. Akatwe kucha, asijikune. Apewe parasetamoli kwa homa. Asipewe aspirini kamwe, kwa kuwa aspirini na tetekuwanga zikikutana kwa mtoto zaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Akishindwa kupumua vema, au akilegea, au vipele vikitoa usaha, apelekwe hospitali.

Wako wazazi wapelekao watoto wao kwa makusudi kulala na mgonjwa, ili waumalize ugonjwa mapema. Tusifanye hivyo. Watoto wengi hupona vema, lakini hakuna ajuaye ni yupi atakayepata homa ya mapafu au ya ubongo. Tena katika nchi za joto kama zetu watu wengi zaidi hukua pasipo kuugua kuliko huko Ulaya, na mtu mzima huugua vikali kuliko mtoto. Mama mwenye mimba huweza kupata homa ya mapafu; na mtoto azaliwaye wakati mama yake ameanza kutokwa na vipele, tangu siku 5 kabla ya kuzaa hata siku 2 baadaye, yumo katika hatari kubwa.

Tena tusifanye haraka kusema, hii ni tetekuwanga tu. Mtu wa mwisho ulimwenguni kushikwa na ndui ya asili alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca katika Somalia, Oktoba 1977. Kwanza walidhani ana malaria, kisha wakasema ni tetekuwanga; kumbe ndiyo ndui. Alipona, na baadaye akatumika kuwahimiza watu wachanje watoto wao polio, hata alipokufa mwaka 2013. Ndui imekwisha, na mwaka 1980 dunia ilitangazwa kuwa huru nayo. Lakini mpox, ambao wengine huuita homa ya nyani, ulionekana Burundi Julai 2024, na Machi 2025 Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa wa kwanza wawili katika Tanzania. Vipele vya tetekuwanga huwa vingi kifuani na mgongoni, na vya kila umri huonekana pamoja, vipya na vilivyokauka. Vya mpox mara nyingi huwa vya umri mmoja mahali pamoja, hushika hata viganja na nyayo, na matezi huvimba. Mwenye shaka na amwonyeshe mganga. Kutambua si kazi ya majirani.

HABARI ZA CHANJO

Mwaka 1964 daktari Mjapani, Michiaki Takahashi, alikuwa akifanya kazi Marekani pamoja na jamaa yake. Mwanawe wa miaka 3 akashikwa na tetekuwanga vikali mno, hata wazazi wakakesha kando yake wakiogopa kumpoteza. Mtoto alipona, baba akarudi Osaka na kujitia katika kazi ya kutafuta chanjo. Mwaka 1974 alitangaza ya kwamba ameipata, kwa kukidhoofisha kirusi hai hata kisiweze kudhuru, bali kiufundishe mwili kujikinga. Chanjo hiyo ilianza kutumika kwa watoto wote wa Marekani mwaka 1995, na leo hutumika katika nchi nyingi. Dozi mbili huzuia tetekuwanga kwa watoto zaidi ya 90 katika 100, na waliochanjwa hupata mkanda wa jeshi kwa uchache. Kwa kuwa ndani yake mna kirusi hai, hapewi mwenye mimba wala mwenye kinga dhaifu sana.

Chanjo ya mkanda wa jeshi ni nyingine. Iliyo bora hata sasa huitwa Shingrix, iliyoanza kutumika mwaka 2017. Hiyo haina kirusi hai, bali kipande chake tu pamoja na dawa ya kuamsha kinga. Hutolewa dozi mbili kwa watu wa miaka 50 na zaidi, na kwa watu wazima wenye kinga dhaifu. Nayo ilipojaribiwa ilizuia ugonjwa kwa watu zaidi ya 90 katika 100. Dawa ile ya kuamsha kinga si ngeni kwetu kabisa: ya namna hiyo imo katika chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, ambayo ilijaribiwa Bagamoyo na Korogwe tangu mwaka 2009 hata 2014, pamoja na mahali pengine katika Afrika.

Wasomaji watauliza, mbona watoto wetu hawachanjwi tetekuwanga kliniki? Ni kweli, haimo katika ratiba ya chanjo za kawaida za watoto wa Tanzania. Sababu si fedha tu. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri ya kwamba nchi ianzapo chanjo hii iwe na hakika ya kuwafikia watoto 80 katika 100 au zaidi. Wakichanjwa wachache tu, ugonjwa hupungua kidogo lakini hauishi. Ndipo wasiochanjwa hukua bila kuugua, wakaja kushikwa katika utu uzima, wakati ugonjwa ni mkali. Kazi iliyofanywa nusu yaweza kuleta hasara.

Basi mwenye uwezo na aulize hospitali kubwa kama chanjo hizi zapatikana, hasa mzee au mtu mwenye ugonjwa udhoofishao kinga. Asiye na uwezo asikate tamaa. Na awapeleke watoto wake wapate chanjo zilizopo na zitolewazo bure: surua, polio, kifaduro, pepopunda, na nyinginezo. Nchi ijizoezayo kuwafikia watoto wake wote kwa surua ndiyo itakayoweza siku moja kuwafikia kwa tetekuwanga.

NENO LA MWISHO KWA NYUMBA ZETU

Tukisha kusoma haya, tuyafanye. Mwalimu na ayasome kwa sauti mbele ya wazazi siku ya mkutano wa shule. Kila nyumba na ikumbuke mambo manne: maumivu ya upande mmoja pamoja na malengelenge, ni zahanati kabla ya siku 3, paji la uso na pua, ni hospitali siku ile ile, mtu mzima ambaye si mzee, na apime damu, na mgonjwa ye yote, atembelewe wala asinong'onwe. Hayo yote hayataki fedha nyingi. Yataka nauli iliyowekwa akiba, na jirani mwenye baiskeli, na ulimi uliozuiwa. Mungu awape afya ninyi na watoto wenu, na awape wagonjwa wenu watu wa kuwahurumia.